Anayepasua Ndiye Anayefunga

Mwanabaraka binti Mshamu alikuwa hajui kuogelea. Bahari aliiingia mpaka magotini, basi, tena kwa kushika kanga kwa mikono miwili na kusoma dua zote alizofundishwa chuoni. Lakini habari za chini ya bahari, huko kwenye matope na mawe kusikofika jua, alizijua kuliko wanaume wengi wa Maparoni waliokua na kasia mkononi. Alizisoma matumboni. Kwa miaka thelathini alikuwa akipasua samaki kwenye chanja yake ya fito za mikoko, pale wanaposhusha vyombo, na kila tumbo alilolifungua lilimweleza samaki yule jana alikula nini, na alikula wapi. Hongwe alileta minyoo na vikome vya matopeni. Changu alileta kaa wasiozidi ukucha wa mtoto. Taa alikuja na maganda ya chaza yaliyosagwa kama pilipili manga. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Basi samaki naye ana mwosha wake, na kwa Maparoni mwosha huyo alikuwa Mwanabaraka.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, mwaka tisini na saba, alipasua hongwe ishirini na wawili. Ishirini na mmoja walikuwa na matumbo matupu. Mmoja tu alikuwa na kitu, nacho kilikuwa tope jeusi, tope peke yake, bila hata kipande cha ganda. Zena, jirani yake na mwenzake wa kukaanga, alikuwa akichochea moto chini ya karai. Alichungulia akasema, "Heri yako, hapo hakuna hata kazi ya kuosha." Mwanabaraka hakucheka. Alimtazama yule hongwe akahisi kama amemkuta mtoto wa watu anakula udongo kwa njaa.

Mchana wa siku hiyo kulikuwa na mkutano. Bwana samaki alikuwa anakuja kutoka Utete na ramani, kuuliza wavuvi mahali samaki wanapozalia, ili serikali ichore mstari ambao meli za kuvua kamba zisiuvuke. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua kukaa kimya. Mwanabaraka naye alikuwa ameamua hivyo. Tofauti ni kwamba wenzake walinyamaza kwa kuwaogopa wenye meli na wenye ofisi, na yeye alikuwa anamwogopa mdogo wake.

Mdogo wake ni Sadala. Alipita njiani asubuhi hiyohiyo, kofia kichwani na mshipi wa kuvulia begani, akielekea vijitoni alikokuwa akivua siku hizi peke yake. Alipita mbele ya wanaume wanne waliokuwa wakishona nyavu. Akasema, "Asalaam aleikum." Wakaitikia wakitazama nyavu. Deni la salamu wamelilipa, Mwenyezi Mungu hatawauliza, lakini hakuna aliyeongeza "habari za kwako" wala "mke wako hajambo." Alipopita, Talib, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko kisu cha Mwanabaraka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Rubani huyo. Meli imemwacha." Wengine wakacheka. Sadala hakugeuka. Alimwinamia dada yake kidogo, akasema, "Shikamoo, dada," na dada akasema, "Marahaba," na kisu kikamkata kidole.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima ajikate kidole kwa shikamoo, lazima ajue habari za Mla-Nanga.

Mla-Nanga ni mwamba. Baba yao, mzee Mshamu, aliugundua kwa hasara: uliimeza nanga yake mara tatu, na mara ya nne akaona heri aupe jina kuliko kuupa nanga nyingine. Ulikuwa nje kidogo ya mdomo wa mto, pima saba chini, na juu ya maji hapakuwa na alama yoyote. Ulipatikana kwa mivinje na vichwa vya visiwa, hiki kikalie kile, na mwisho kwa bildi ya kupimia kina. Ile bildi ya mzee ilikuwa kipande cha risasi chenye kishimo kwa chini, na kwenye kishimo alishindilia sabuni. Akiishusha, sabuni inagusa chini na kuja na chochote kilichopo. Mchanga mweupe, endelea. Tope laini lenye vikome, umeingia uwanjani. Vipande vya mwani na chengachenga za mawe, tupa ndoana, umefika.

Kila ukoo ulikuwa na mwamba wake, na alama zake hazikusemwa ovyo. Baba alimpa mwanawe, basi. Lakini palikuwa na desturi nyingine juu ya hiyo, na hiyo ndiyo iliyomhusu Mwanabaraka. Mwanamume anaujua mwamba. Kauli juu ya mwamba ni ya mwanamke anayepasua samaki wa nyumba hiyo. Sababu yake si ngumu. Mvuvi anamwona samaki kwa nje, na kwa nje samaki mwenye mayai ni mnono tu, anampendeza. Anayejua ni mwenye kisu. Akipasua watatu mfululizo wakawa na mayai, ananawa mikono, anasimama mlangoni, na mvuvi wa nyumba anamwuliza, "Umeona mayai?" Anajibu, "Nimeona. Nafunga." Kuanzia hapo hakuna ndoana itakayoshuka pale, juu ya jiwe wala kwenye uwanja wake wa matope, mpaka miezi miwili iandame. Hata mzee Mshamu, aliyekuwa mkali mpaka kuku wake walimjua kwa kikohozi, aliambiwa "nafunga" na mkewe akarudisha vyombo ndani bila neno. Walipokufa wote wawili, alama zikabaki kwa Sadala na kauli ikabaki kwa Mwanabaraka. Anayepasua ndiye anayefunga. Na anayefunga, maana yake, ndiye anayefungua.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ruksa mitumba, ruksa duka la mtu binafsi, ruksa kila mwenye mtaji wake kuja na chombo chake. Maparoni hawakulalamika, maana sabuni ilirudi dukani na sukari haikupangiwa foleni tena. Meli za kamba zilikuja na ruksa hiyohiyo. Mwanzoni zilikaa mbali. Zilivuta nyavu zao chini kabisa, zimefungwa mbao mbili nzito zenye chuma za kuupanua mdomo na mnyororo wa kuwashtua kamba watoke matopeni. Meli moja ilijaribu kuusogelea mdomo wa mto. Ikaacha wavu mzima kwenye Mla-Nanga. Ikajaribu tena, ikaacha na mbao moja. Baada ya hapo zilikaa nje, huko kwenye maji ya buluu, na Maparoni wakawaona ni wageni wenye adabu. Hakuna aliyefikiri kwamba adabu ile ilikuwa ni woga, na kwamba wavuvi walikuwa na ukuta usiogharimu hata msumari: wageni hawakujua mawe yalipo.

Mwaka tisini na moja nahodha wa meli moja alimwita Sadala. Alikuwa amesikia habari za ile bildi. Alisema anataka kitu kidogo tu, aonyeshwe jiwe liko wapi ili alikwepe, nyavu zake zisichanike. Na kwa malipo, samaki wote wadogo ambao meli huwatupa, maana meli ilitaka kamba tu, dau la Sadala litakuwa la kwanza kuwachukua.

Sadala hakumjibu. Alirudi, akaja moja kwa moja chanjani kwa dada yake, akachuchumaa. Akamwambia yote. Kisha akasema, "Dada, mimi naujua tu. Kauli ni yako."

Mwanabaraka alikuwa na kisu mkononi na harusi kichwani. Binti yake Tasnim alikuwa ameposwa na watu wa Kibiti, watu wenye nyumba ya bati, na nyumba ya bi harusi ilikuwa ya makuti yanayovuja. Tena, tusimwonee, alifikiri. Alifikiri sana, na ndipo alipokosea. "Huyu akijua jiwe lilipo si atalikwepa?" alisema. "Hapo si tumelilinda? Leo analigonga kwa kutojua."

"Jiwe, ndiyo," alisema Sadala. "Na uwanja wake?"

"Uwanja gani?"

"Matope, dada. Mama alikuwa akifunga jiwe na matope yake."

Na Mwanabaraka, mwanamke aliyekuwa na minyoo ya matopeni, vikome vya matopeni na kaa wa matopeni mpaka kwenye kucha zake, alisema maneno ambayo baadaye angetoa meno yake mawili ili ayarudishe. "Matope ni matope, Sadala. Hayana mwenyewe. Mwambie."

Hakunawa hata mikono.

Nahodha alitimiza ahadi. Watu wa namna hiyo hutimiza. Hakuligusa jiwe. Alipita kulia kwake na kushoto kwake, mchana na usiku, na zilipopata habari meli nyingine nazo zikapita. Na dau la Sadala likarudi limejaa mpaka ukingoni. Maparoni waliiita rizki ya meli. Mwanabaraka alikaanga, akakausha, akapeleka matenga Kibiti, na kabla ya mwaka kwisha nyumba ikapata bati na Tasnim akatolewa kwa ngoma ya siku tatu. Zena na wanawake wengine wakaingia kazini. Hakuna aliyelala njaa.

Lakini mwosha ni mwosha. Ndani ya matenga yale, chini ya vichangu vya kidole na vitaa vyenye ukubwa wa kiganja, alianza kukuta vitu ambavyo havikuwa na ruhusa ya kuwa juu. Majani ya bahari yaliyong'oka na mizizi yake. Nyumba za minyoo, vile virija vya mchanga, zimevunjika vipande. Mayai ya ngisi, vishada vizima, vimetapakaa kama zabibu zilizokanyagwa. Alivitenga kando akavitupa majini, na kila alipovitupa alijiambia bahari ni kubwa. Mwaka wa tatu vikapungua, akafurahi. Mwaka wa nne akaelewa kwamba vimepungua kwa sababu vimekwisha.

Jarife za wavuvi, zile nyavu kubwa za kutega, zilikuwa zimeshakatwa na meli mara nyingi, na watu walitaka kujua nani aliwafungulia mlango. Haikuchukua muda. Sadala alionekana juu ya meli siku ya kulionyesha jiwe, amesimama karibu na nahodha, ananyoosha mkono. Wakamwita Rubani. Waride, mkewe, alipokwenda kisimani wenzake waliteka haraka wakaondoka. Msikitini hakuna aliyemwondokea safuni, hilo ni haramu, lakini imamu akishatoa salamu, mikono ya kulia na ya kushoto ilikuwa na shughuli nyingine.

Na Sadala hakusema. Neno moja tu lingemtoa kwenye aibu ile: "Dada aliruhusu." Watu wote walijua desturi. Wangegeuka siku hiyohiyo wakamtazama Mwanabaraka na bati lake. Hakulisema kwa Talib, hakulisema kwa imamu, na Mwanabaraka aliamini hakulisema hata kwa mkewe. Aliacha kwenda melini mwaka wa pili, akachukua mshipi wa babaye akaenda kuvua vijitoni. Mwanabaraka aliendelea kupata samaki wa meli kwa madau mengine. Siku ya kwanza alinyamaza kwa woga. Siku ya pili kwa aibu. Baada ya hapo alinyamaza kwa mazoea, na hayo ndiyo mabaya kuliko yote, maana kuna majuma aliyoweza kusahau. Kisha Sadala anapita na kusema shikamoo.

Saa nane mchana watu walijaa darasani. Madawati hayakutosha, wanawake wakakaa kwenye mikeka upande wa dirisha. Sadala alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Bwana samaki, jina lake Zaidi, alikuwa kijana mstaarabu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na wasiwasi na maji, maana yakipwa boti yake ya kukodi itakwama kwenye mchanga mpaka kesho. Alibandika ramani ubaoni. Nchi kavu ilikuwa na majina mpaka ya vijito. Bahari ilikuwa buluu tupu.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "mnaona wenyewe. Huku chini sina kitu. Nikirudi hivi, mstari utachorwa na mtu aliyekaa mjini, atauweka popote rula itakapoangukia. Nionyesheni samaki wanazalia wapi na miezi gani. Na nisiwafiche: mstari ukishachorwa umewafunga wote. Meli haitapita, na nyavu zenu za kokoro nazo hazitapita. Wala siwezi kuapa kwamba meli itatii. Ofisi yangu ina boti moja, na injini yake iko kwa fundi tangu Ramadhani."

Watu walimpenda kwa ukweli huo, lakini hawakumjibu. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza mara mbili. Darasa likakohoa.

"Tumeshawahi kuwa na mtu wa kuonyesha mawe," alisema Talib mwishoni, bila kusimama. "Mwulizeni Rubani. Alisema mara moja, na tunakula matunda yake. Mimi mwamba wa babu yangu nitakufa nao."

Wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Bwana Zaidi hakuelewa, akatazama huku na huku. Sadala alitazama viatu vyake.

Hapo akasimama Bwana Mrisho. Alikuwa wakala wa wenye meli, ametoka Dar es Salaam, shati limenyooka licha ya safari yote ile. Alizungumza vizuri. Alishukuru kwa ukarimu, akakumbusha habari za samaki wadogo ambao meli hugawa bila kutoza kitu, na wanawake kadhaa mkekani wakaitikia kwa vichwa. Kuhusu chini ya bahari, alisema, kuna kutoelewana tu. "Nyavu zetu zinapita juujuu, kama mama anavyofagia uwanja. Mawe tunayakwepa, hatuna faida na mawe. Kwingine kote ni matope, ndugu zangu. Na matope ni matope, hayana mwenyewe."

Mwanabaraka alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, yamepigwa pasi. Alijua hapohapo kwamba nahodha wa mwaka ule aliyabeba, akampa mwenzake, naye akampa mwenzake, mpaka yakarudi nyumbani. Aliona haya, haya ya kweli, inayounguza masikio. Na kabla hajajua atasema nini alikuwa amesimama, harufu ya samaki ikasimama naye.

"Bwana Mrisho," alisema. "Ufagio wenu una mnyororo?"

Watu wakageuka.

"Nakuuliza kwa sababu nami nafagia. Nikifagia uwanja, asubuhi nakuta kuku wanadonoa. Leo nimepasua hongwe ishirini na wawili. Hongwe ni samaki wa matopeni, ndiko anakodonoa yeye. Hawakuwa na kitu tumboni. Mmoja alikuwa amekula tope lenyewe. Miaka kumi iliyopita tumbo la hongwe nilikuwa nikilimwaga, linajaa kifuu. Sasa nikwambie, bwana, matope yana mwenyewe. Mnyoo ni mwenyewe. Kikome ni mwenyewe. Kamba wako unayemtafuta naye analala humo mchana kutwa. Mmewafagia wenye nyumba, halafu mnashangaa nyumba haina watu."

"Haswaa!" alisema mtu.

"Usiseme haswaa," alisema Mwanabaraka. "Sijamaliza. Hayo maneno aliyoyasema huyu bwana, matope ni matope, si yake. Ni yangu. Niliyasema mimi, chanjani kwangu, mwaka tisini na moja. Sadala alikuja kuniuliza kama desturi inavyotaka. Aliniuliza mpaka na habari za uwanja. Nikamwambia mwambie. Nilikuwa nataka bati." Alifuta uso kwa upande wa kanga. "Miaka sita mnamwita mdogo wangu Rubani. Rubani ni mimi. Yeye alishika amri yangu, na amenisitiri, nami nikamwacha anisitiri."

Waride, mke wa Sadala, alijifunika uso kwa kanga mabega yakitikisika, na hapo Mwanabaraka alijua kwamba kweli hakuwa ameambiwa. Talib alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi kubwa.

Zena ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, akimvuta upindo wa kanga. "Da' Mwanabaraka, na meli zikiondoka sisi tutakaanga nini?"

Lilikuwa swali la haki, na wanawake wote wa mkekani walikuwa nalo. Mwanabaraka alitamani kuwa na jibu zuri. "Sijui, Zena," alisema. "Mwaka huu na ujao nitakula taabu pamoja nawe. Lakini wale unaowakaanga ni watoto wa samaki wa mwaka kesho, na wewe unajua, maana nawe una kisu."

Zena aliuachia upindo.

Bwana Zaidi alikuwa ameshika penseli, amesahau kabisa habari za maji. "Mama," alisema kwa heshima, "huo mwamba uko wapi?"

"Mimi sijui. Sijawahi kufika. Mimi nina kauli tu, alama anazo yeye."

Watu wote wakamtazama aliyesimama mlangoni. Sadala alivua kofia, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, mkavu, lakini shavu lilikuwa likimcheza. Mwanabaraka alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote, maana alikuwa na haki ya kutoka mlango ule na kwenda zake, na hakuna mtu Maparoni ambaye angeweza kumlaumu.

Sadala aliingia ndani. Alipita katikati ya madawati, na Talib akakunja miguu yake kumpa njia. Alisimama hatua tatu mbele ya dada yake, umbali uleule waliosimama baba na mama yao mlangoni kwao zamani, akauliza lile swali kama linavyoulizwa, bila kuongeza neno.

"Umeona mayai?"

Kwa desturi jibu ni moja. Halijawahi kuwa na jingine tangu mababu.

"Sijaona," alisema Mwanabaraka. "Mwaka wa tatu huu sijaona hata moja. Ndiyo maana nafunga."

Sadala aliinamisha kichwa, kama baba yao alivyokuwa akiinamisha kabla ya kurudisha vyombo ndani. Kisha akaenda ubaoni. Alipokea penseli, akaitazama ile buluu tupu kwa muda, akipima kwa macho mahali ambapo mivinje ingekuwa. Akaanza kuchora duara, kubwa, pana, la taratibu, linaloanzia karibu na mdomo wa mto na kwenda nje mpaka Bwana Mrisho akaanza kuhangaika kitini.

Bwana Zaidi alimsogelea. "Na jiwe lenyewe, mzee? Jiwe liko wapi hapo?"

"Subiri, bwana," alisema Sadala bila kunyanyua penseli. "Kwanza matope."